Kampuni Haifi kwa Hasara

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ya usambazaji wa sabuni na mafuta ya kula, Dar es Salaam, upande wa kufuatilia madeni. Kazi yenyewe haina sifa. Asubuhi unafungua orodha ya wanaodaiwa, imepangwa kwa siku: 30, 60, 90, na safu ya mwisho ambayo hakuna anayependa kuisoma. Kisha unashika simu.

Mteja wetu mmoja mkubwa alikuwa supamaketi ambayo sitaitaja. Mwaka wa kwanza walilipa siku ya 45. Mwaka uliofuata wakasogea hadi 60, wakasema ni mfumo mpya wa kompyuta. Ikawa 75, na hundi zikaanza kuja na tarehe ya mbele. Mwezi huohuo meneja wao wa fedha alituletea hesabu za mwaka zilizokaguliwa ili tumwongezee kiwango cha mali kauli, na hesabu zilikuwa na faida. Si kubwa, lakini faida. Wiki iliyofuata dereva wetu akarudi kutoka kushusha mzigo akaniambia, "Dada, pale wamepanga maji." Maji gani? Rafu tatu zilizokuwa za sabuni, mafuta na unga zilijazwa chupa za maji ya kunywa za aina moja, zimesogezwa zote mbele. Alisukuma moja kwa kidole. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Dereva aliona jambo ambalo vitabu havikulionyesha. Ukielewa kwa nini, utaelewa sehemu kubwa ya elimu ya kutabiri kufilisika kwa kampuni, elimu iliyowashughulisha wahasibu na wanatakwimu kwa zaidi ya nusu karne, na bado wanaigombania.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani huitwa kwa jina moja. Kupata hasara ni kutumia zaidi ya ulichoingiza katika kipindi fulani. Madeni kuzidi mali ni hali ya mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni: hata ukiuza kila kitu, hutawalipa wote wanaokudai. Kushindwa kulipa ni jambo la kalenda: leo ni tarehe 30, mishahara ni leo, benki inataka marejesho leo, na akaunti haina kitu. Kampuni inaweza kuwa na la kwanza bila la tatu kwa miaka mingi. Inaweza pia kuwa na la tatu bila la kwanza, kama supamaketi ile. Na mahakamani mara nyingi ni la tatu ndilo linalofungua mlango: mdai anakwenda na deni lake lililopita muda, anaomba mfilisi ateuliwe, auze mali na kuwagawia wadai. Kenya ilipopitisha Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliweka pia nafasi ya msimamizi, mtu anayepewa kampuni aone kama inaokoleka kabla ya kuuzwa vipande vipande. Zamani benki ilileta mrasimu wake, na mrasimu alikuja kutafuta pesa za benki, basi.

Sasa turudi kwenye vitabu. Mwaka 1966 mtafiti wa Marekani, William Beaver, alichukua kampuni 79 zilizoanguka na 79 zilizokuwa hai, za tasnia na ukubwa unaokaribiana, akalinganisha uwiano 30 wa kihesabu kurudi nyuma miaka mitano. Uliofanya vizuri kuliko wote haukuwa faida. Ulikuwa uwiano wa mtiririko wa fedha kwa madeni yote: shughuli za kampuni zinazalisha pesa kiasi gani ukilinganisha na mzigo inaoubeba. Kwa kipimo hicho kimoja tu, alikosea kampuni 13 katika kila 100 mwaka mmoja kabla ya kuanguka, na 22 katika kila 100 miaka mitano kabla. Kwa hesabu ya mstari mmoja, hayo si matokeo ya kudharau.

Miaka miwili baadaye, 1968, Edward Altman wa Chuo Kikuu cha New York alifanya jambo lililomfanya ajulikane hadi leo. Badala ya kutazama uwiano mmoja mmoja, aliuchanganya. Alikuwa na viwanda 66 vya Marekani: 33 vilivyofilisika kati ya 1946 na 1965, na 33 vilivyokuwa vinaendelea. Alianza na uwiano 22, akabaki na mitano, kila mmoja akaupa uzito wake, akajumlisha. Matokeo ni namba moja, inayoitwa alama ya Z.

Inavyotengenezwa ni hivi. Unachukua mtaji wa uendeshaji, yaani mali inayogeuka pesa ndani ya mwaka ukitoa madeni yanayodaiwa ndani ya mwaka huohuo, unagawa kwa mali yote, unazidisha kwa 1.2. Unaongeza faida iliyolimbikizwa tangu kampuni ianze, ikigawiwa kwa mali yote, mara 1.4. Unaongeza faida kabla ya riba na kodi kwa mali yote, mara 3.3, huu ndio wenye uzito mkubwa kuliko wote. Kisha thamani ya hisa sokoni ikigawiwa kwa madeni yote, mara 0.6. Mwisho mauzo kwa mali yote, ambayo hayazidishwi kwa kitu. Ikipita 2.99, kampuni iko salama. Ikiwa chini ya 1.81, iko hatarini. Katikati ni ukungu.

Tupige moja. Tuseme kuna kiwanda cha mabati chenye mali ya shilingi bilioni 10. Mtaji wa uendeshaji ni nusu bilioni, faida iliyolimbikizwa bilioni moja, faida ya mwaka kabla ya riba na kodi milioni 600. Hisa zake sokoni zina thamani ya bilioni 2, madeni ni bilioni 8, mauzo bilioni 9. Ukijumlisha unapata 0.06, 0.14, 0.198, 0.15 na 0.9. Jumla kama 1.45. Kiwanda kinatengeneza faida, lakini kanuni inasema kinafanana zaidi na vile 33 vilivyozikwa.

Neno ni hilo: kinafanana. Alama ya Z haijui kesho. Inapima kampuni yako iko karibu zaidi na kundi lipi kati ya makundi mawili ya zamani, ya Wamarekani, ya viwandani. Wengi wanaoitumia hulisahau hilo kabla wino haujakauka.

Tuchukue supamaketi ya mfano, nayo ina mali ya bilioni 10. Inauza bilioni 25 kwa mwaka, maana biashara ya rejareja ndivyo ilivyo, mzigo unazunguka haraka. Mtaji wake wa uendeshaji ni hasi bilioni 2. Faida iliyolimbikizwa ni milioni 300, faida ya mwaka kabla ya riba na kodi milioni 100, mtaji wa wenye hisa bilioni moja na madeni bilioni 9. Ni duka lililo taabani, hata asiye mhasibu anaona. Alama yake? Mauzo pekee yanaipa 2.5. Mengine yote yakijumlishwa yanapunguza kidogo tu, inabaki 2.4. Duka linalokufa limemzidi mwenye mabati!

Altman mwenyewe aliliona hilo. Baadaye alitoa toleo la kampuni zisizo viwanda na za nchi zinazoendelea, akaung'oa uwiano wa mauzo, akaweka thamani ya vitabu badala ya bei ya soko la hisa, na akabadilisha uzito: 6.56 kwa mtaji wa uendeshaji, 3.26 kwa faida iliyolimbikizwa, 6.72 kwa faida kabla ya riba na kodi, 1.05 kwa mtaji kwa madeni. Chini ya 1.1 ni hatari, juu ya 2.6 ni salama. Lipitishe duka letu humo na litatoka na hasi 1.03, mbali kabisa chini ya mstari. Vitabu ni vilevile, mwaka ni uleule, majibu mawili. Kwa hiyo mtu akikuletea alama ya Z ya kampuni yoyote ya hapa kwetu, muulize kwanza ni toleo gani.

Watetezi wa kanuni hupenda kutaja asilimia 95. Ni kweli, katika kampuni zile 66 ilipatia 63, kwa kutumia hesabu za mwaka mmoja kabla ya kuanguka. Kisicholetwa mezani ni kinachofuata: ukitumia hesabu za miaka miwili kabla, usahihi kwa zilizofilisika unashuka hadi asilimia 72, na miaka mitatu kabla ni 48. Hapo sarafu ya kurusha juu itakusaidia sawasawa. Na mwaka mmoja wa vitabu si mwaka mmoja wa kalenda. Hesabu za Desemba hukaguliwa na kutoka Aprili au baadaye, na kampuni yenye shida huchelewa zaidi. Unaposhika onyo mkononi, mgonjwa yuko kitandani tayari.

Kuna jingine, na hili ndilo linalowaangusha hata watu wa benki. Altman alikuwa na nusu kwa nusu: 33 zilizokufa, 33 hai. Duniani haiko hivyo. Tuseme benki ina kampuni 1,000 zilizokopa, na mwaka huu 20 zitaanguka. Kipimo chenye ukali uleule kitazinasa 19 kati ya hizo 20. Safi. Lakini zile 980 nzima, kipimo kikikosea tatu tu katika kila 100, kitazipigia kengele 29 zisizo na kosa. Kati ya 48 zilizoonywa, zenye ugonjwa kweli ni 19. Na kosa likifika kumi katika kila 100, jambo la kawaida kipimo kikitoka nyumbani kwake, zilizosingiziwa ni 98. Afisa mikopo anaona orodha ya majina 117, na zaidi ya watano katika kila sita walioko humo hawana tatizo. Watafiti waliofuata walijaribu kulirekebisha hilo. James Ohlson, mwaka 1980, alitumia kampuni 105 zilizofilisika dhidi ya zaidi ya 2,000 zilizo hai, na badala ya kutoa hukumu ya ndiyo au hapana akatoa uwezekano. Ni hatua nzuri. Usahihi wake ulionekana mdogo kuliko wa waliotangulia, na nadhani ni kwa sababu alikuwa mkweli zaidi.

Lakini tuje kwenye pesa yenyewe, maana hapo ndipo nilipokaa mimi.

Biashara ya supamaketi ina utamu mmoja wa hatari. Chukua duka letu la mfano: bidhaa inazonunua kwa mwaka ni za bilioni 20. Mzigo ulioko dukani na stoo ni wa bilioni moja na nusu, maana yake bidhaa hukaa siku 27 kabla ya kuuzwa. Wasambazaji wanadai bilioni 5, maana yake wanalipwa baada ya siku 91. Toa moja kwenye nyingine: kwa siku 64 duka linakaa na pesa ambayo si yake, bila riba, bila dhamana, bila kujaza fomu. Ndiyo maana ya mali kauli ikikua ikawa kubwa. Kila tawi jipya likifunguliwa, wasambazaji wanaleta mzigo, wateja wanalipa taslimu mlangoni, na pesa hiyo inajenga tawi linalofuata. Mwenye duka anaweza kuamini kabisa kwamba anakua kwa faida, kumbe anakua kwa ankara zetu.

Sasa mauzo yashuke. Si kuanguka, kushuka tu, mshindani amefungua ng'ambo ya barabara, ununuzi unapungua kwa moja ya tano. Deni la wasambazaji linatakiwa kushuka kutoka bilioni 5 hadi 4 ili siku zibaki 91. Mzigo wa dukani ukipungua unaachia milioni 300. Zilizobaki, milioni 700, lazima zitoke mahali, wakati ambapo duka linapata faida ya milioni 100 kabla hata ya kulipa riba. Hazipo. Kuna mlango mmoja: kuwachelewesha wasambazaji. Siku 91 zinakuwa 110, msambazaji wa kwanza anagoma, bidhaa yake inakosekana, mteja aliyekuja kwa unga na mafuta anakuta maji, anakwenda kwa jirani, mauzo yanashuka tena. Mzunguko huu ukianza hauendi mwaka kwa mwaka kama vitabu. Unakwenda wiki kwa wiki.

Kenya imeuona mara tatu hadharani. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na kuuza hisa zake Nairobi, ilifunga milango mwaka 2006, ikafufuliwa chini ya mrasimu, ikarudi kwenye soko la hisa 2011, na ilipofika Oktoba 2015 ikafunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda. Nakumatt ndiyo iliyokuwa tembo wa ukanda huu: zaidi ya matawi 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Kufikia 2017 rafu zake zilikuwa tupu kiasi cha kupigwa picha na kila mpita njia. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe, ikiacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Tuskys, ambayo wakati mmoja ilizungumziwa kuwa itaungana na Nakumatt ili kuiokoa, ilianza kuporomoka 2020 kwa njia ileile.

Nakumatt haikuwa kwenye soko la hisa. Ilikuwa ya familia, hesabu zake hazikutangazwa. Kanuni za Altman na wenzake zisingeweza hata kuigusa kutoka nje. Waliokuwa na habari ni wapakiaji, madereva, wenye majengo waliokuwa wanadai kodi, na watu wa kwenye dawati kama langu.

Si jambo la Afrika Mashariki pekee. Wahasibu wengi husomeshwa kisa cha W.T. Grant, mnyororo wa maduka ya Marekani uliokuwa na matawi zaidi ya 1,000, uliofilisika Oktoba 1975. Miaka kabla ya hapo ilikuwa inatangaza faida, na mwaka 1973 wanunuzi wa hisa walikuwa radhi kulipa mara 20 ya faida hiyo. Mwaka 1980 watafiti wawili, Largay na Stickney, walirudi kwenye hesabu zilezile wakakokotoa pesa iliyoingia na kutoka kutokana na shughuli zenyewe. Kwa miaka mingi kabla ya kifo ilikuwa hasi. Duka lilikuwa linauza kwa mkopo kwa wateja wasiolipa, likiandika mauzo, likiandika faida, na kukopa benki ili liendelee. Faida ni maoni ya mhasibu kuhusu mwaka. Pesa iliyoko benki haina maoni.

Madeni nayo yana umri, na umri ukikosewa unaua. Hapo naikumbuka ARM Cement, kampuni ya saruji ya Athi River, Kenya. Kampuni ilikuwa kwenye soko la hisa la Nairobi tangu 1997 na wengi waliipenda. Ikaamua kujenga kiwanda kikubwa Maweni, Tanga. Kiwanda cha saruji ni mali inayojilipa kwa miaka 20. Ukikijenga kwa mikopo inayodaiwa mapema, na kwa fedha ya kigeni, kila mwaka unapiga magoti kwa benki uombe muda. Kisha Dangote akaanza kuzalisha Mtwara mwaka 2015, na bei ya mfuko nchini ikashuka. Mwaka 2016 ARM ilipata dola milioni 140 kutoka CDC, taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, na kwenye karatasi ilionekana imeokoka. Agosti 2018 ilikuwa chini ya wasimamizi. Kiwanda cha Tanga kilinunuliwa na Huaxin wa China mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 116. Ukiangalia, kiwanda chenyewe hakikuwa kibovu, kiko pale kinasaga saruji. Kilichokufa ni mpangilio wa nani analipwa lini.

Kwa hiyo katika mizania, kabla sijatazama faida, huwa natafuta mstari wa mikopo inayodaiwa ndani ya miezi 12, kisha naulinganisha na pesa taslimu. Mstari huo ukivimba ghafla mwaka mmoja bila kampuni kukopa deni jipya, mara nyingi ina maana sharti la mkopo limevunjwa na benki ina haki ya kudai chote sasa hivi. Ni sentensi ndogo kwenye maelezo ya chini, ukurasa wa sitini na kitu.

Na kuna kampuni ambazo kanuni zote zinasema zimekufa, nazo zinaruka angani. Kenya Airways ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2 za Kenya kwa mwaka ulioishia Machi 2016, baada ya kununua na kukodi ndege nyingi chini ya mpango ulioitwa Mradi Mawingu. Madeni yalizidi mali. Mwanafunzi yeyote mwenye kikokotoo angeiandikia tanzia, na angerudia mwaka uliofuata, na uliofuata. Lakini 2017 madeni yaligeuzwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9, benki za ndani zilizokuwa zinadai zikapata 38.1, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi lililokuwa na hisa humo, ikashuka hadi 7.8. Hasara ziliendelea. Kwa mwaka 2024 ikatangaza faida, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Je, kanuni ilikosea? Nadhani ilipima sawasawa kitu kisichokuwa swali. Ilipima mwili wa mgonjwa, na swali lilikuwa nani anashika mtungi wa oksijeni. Benki za ndani zingeiangusha zingeanguka nayo, na hakuna serikali inayotaka kuwa ile iliyouza ndege yenye bendera.

Benki ni somo jingine, na anayepima benki kwa alama ya Z anapoteza muda. Benki huishi kwa madeni, ndiyo kazi yake. Huko kinachotazamwa ni mtaji dhidi ya mikopo yenye hatari. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa siku moja kwa sababu mtaji ulikuwa chini ya kiwango. Chase Bank ya Kenya, Aprili 2016, ilichukua siku chache tu tangu hesabu zake zilizorekebishwa zitoke hadi Benki Kuu kuifunga, kwani habari zilisambaa kwenye simu na wateja wakapanga foleni.

Kuna pia shule inayodharau vitabu na kutazama bei ya hisa. Msingi wake ni wazo la Robert Merton la mwaka 1974: mwenye hisa anashika haki ya kuchukua kinachobaki baada ya madeni kulipwa, na thamani ya haki hiyo, pamoja na namna bei inavyoyumba, inaonyesha kampuni iko umbali gani kutoka ukingoni. Kwa kampuni kubwa za New York inafanya kazi vizuri, na inasema kila siku, haisubiri Aprili. Kwa hisa za Dar es Salaam ambazo zinaweza kupita wiki bila kununuliwa hata moja, bei haiyumbi kwa sababu hakuna anayeigusa. Siku hizi programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe zinameza vipimo mia kwa pamoja. Zinapatia zaidi, lakini zinalishwa vitabu vilevile, na vitabu huchakachuliwa. Ukitaka mtaji wa uendeshaji upendeze tarehe 31 Desemba, chelewesha kuagiza mzigo Desemba, sukuma mauzo ya Januari yaandikwe mwaka huu. Nimeyaona yakifanywa na watu waungwana kabisa.

Mahali pa mwisho pa kusoma ni maoni ya mkaguzi, si ukurasa wa kwanza wenye picha ya mwenyekiti. Tafuta maneno yanayosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Wakaguzi huyaandika kwa kusitasita sana kwa sababu wanajua yakishaandikwa benki itayasoma, na benki ikiyasoma itaziba mrija, na mrija ukizibwa mashaka yatakuwa kweli. Utabiri wa mvua hauleti mvua. Utabiri wa kufilisika unaweza kuleta kufilisika.

Ndivyo tulivyolifanya supamaketi lile. Baada ya habari ya maji, nilimwandikia mkurugenzi ukurasa mmoja: siku 45, 60, 75, sasa 88, hundi mbili zimerudi, rafu. Sikutumia kanuni yoyote. Akajibu kwa mstari mmoja: taslimu kabla ya kushusha mzigo. Jioni ileile nilipigiwa na mwenzangu wa kampuni ya unga, tulizoea kuulizana, naye akafanya hivyohivyo, na wa biskuti akafuata. Meneja wao wa manunuzi alinipigia Alhamisi. Hakuwa na hasira. "Dada yangu," akasema, "tuna mkopo unatoka benki mwezi ujao. Mkitupa wiki sita tu, tunavuka." Nikamwambia nitalifikisha kwa mkurugenzi.

Sikulifikisha. Asubuhi nilibadilisha karatasi ya mzigo wao, katoni 400 za sabuni, nikaandika Kariakoo, kwa mzee mmoja anayelipa noti mkononi, na dereva akauliza kama ageuze gari au ashushe kwanza pale njiani.

"Geuza," nikamwambia.